Sebule ya mita 5 kwa 4.5 hapa Mbeya, AC ya BTU ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Forest, Mbeya. Mama mkwe amehamia kwetu kutoka Kyela, ana miaka 72, na baridi ya huku inamtesa sana kuanzia mwezi wa sita. Usiku tunamwekea jiko la mkaa chumbani likishaacha kutoa moshi. Mume wangu kaamua tununue AC ya kupasha joto. Sebule ni mita 5 kwa 4.5, chumba cha mama ni 3.5 kwa 3.5. Fundi wa kwanza kasema tufunge moja ya BTU 24,000 sebuleni itapasha nyumba nzima, dukani wanasema hospawa moja na nusu inatosha, fundi wa pili anasema tani moja na nusu. Nishachanganyikiwa. Halafu nyumba ya mama kule Kyela tunataka tufunge moja chumbani, mita 4 kwa 4, kwa ajili ya joto. Nisaidie.

JIBU: Marahaba dada, kamwene kutoka Iringa. Nitakujibu yote ila kabla ya BTU naomba nianze na hilo jiko maana nimesoma hapo nikashtuka. Mkaa ukishakuwa mwekundu hautoi moshi, na hapo ndo watu wengi huku kwetu wanaona sasa uko salama kuingia ndani, kumbe ndo unaendelea kutoa ile hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, inaingia kwenye damu inakaa pale pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, mtu anasikia kichwa kizito, usingizi mzito, analala na haamki. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 madirisha yamefungwa ni kidogo mno kwa jiko, na mtu wa miaka 72 hana akiba kubwa ya mwili, na hapo Mbeya mko mita kama 1,700 juu ya bahari hewa yenyewe tayari ni nyepesi. Kwa hiyo leo hii, sio siku AC ikija, jiko litoke. Mpe chupa ya maji ya moto imefungwa na kitenge miguuni, soksi, kofia ya sufu, blanketi moja chini yake kabla ya mablanketi ya juu, maana godoro lenyewe likiwa na ubaridi linamnyonya mtu joto usiku mzima. Hivyo vitamvusha hizi siku mnazotafuta mashine.

Sasa tuje kwenye hizo namba. BTU ni kipimo cha joto, kwenye AC ni joto ambalo mashine inaweza kuhamisha kwa saa moja. Wote watatu wanaweza kuwa wanaongea kwa nia njema ila hawasemi kitu kimoja. Hospawa moja na nusu ya dukani ni AC ya BTU 12,000. Tani moja na nusu ya fundi wa pili ni BTU 18,000. Watu wanasikia "moja na nusu" na "moja na nusu" wanadhani ni ileile, wanalipa, inaletwa mashine nyingine kabisa. Tani hapo sio uzito wa AC, ni neno la zamani la Marekani enzi wanapoza majengo kwa mabonge ya barafu, tani moja ya barafu ya kwao ambayo ni kama kilo 907 ikiyeyuka kwa saa 24 inanyonya joto sawa na BTU 12,000 kila saa, ndo maana tani 1 ni 12,000. Hospawa ni lugha ya maduka tu, 1 ni kama 9,000, 1.5 ni 12,000, 2 ni 18,000, baada ya hapo kila mtu anasema lake. We ukiongea na fundi yeyote mwambie sitaki hospawa sitaki tani, niambie BTU, au niambie kilowati za joto, 12,000 ni kilowati 3.5 na 9,000 ni kilowati 2.6. Biashara inaeleweka.

Na fundi wa kwanza wa 24,000 simlaumu sana, hiyo ni hesabu ya Dar imepanda basi ikaja Mbeya. Dar chumba 12,000, sebule 24,000, watu wameshika hivyo kama dua. Kule nje ni nyuzi 32, hewa imejaa maji, usiku hakupoi, AC inafanya kazi ya kufukuza joto mwaka mzima. Nyie Mbeya hata mwezi wa kumi ambao ndo wa joto, mchana unafika nyuzi 27 au 28 na hewa kavu, ukifungua madirisha mawili yanayotazamana kumepoa, usiku unavuta blanketi. Shida yenu ni mwezi wa sita, wa saba mpaka wa nane, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi nyingine 6 au 7. Kwa hiyo ukubwa wa AC yenu unatafutwa kwa usiku wa mwezi wa saba. Hili ndo jambo ningeomba ulishike hata kama mengine yote utayasahau, kwamba huku juu unapima ubaridi unaovuja ndani ya nyumba, hupimi jua.

Halafu kuna mtego hapa, na nimeona watu wanaumia nao. AC nyingi zinazoletwa nchini ni za kupoza tu, kwa sababu soko kubwa liko pwani. Ya kupasha joto ni spliti (ile AC ya kipande cha ndani na cha nje) ileile kwa macho, kinachotofautiana ni kuna valvu ndani inayogeuza njia ya gesi, kipande cha nje kinanyonya joto kutoka kwenye hewa ya nje hata kama ni nyuzi 7 na cha ndani kinalimwaga chumbani. Muuzaji atakuonyesha rimoti ina alama ya jua, atabonyeza, "unaona dada, joto hili hapa." Rimoti sio ushahidi! Viwanda vingi vinatengeneza rimoti moja kwa modeli zote, ya kupoza tu na ya joto zinapewa rimoti sawa, ukifika nyumbani unabonyeza jua inapuliza upepo wa kawaida tu. Nilishaitwa nyumba moja Gangilonga hapa Iringa, mzee kakaa na AC mpya miezi miwili anaamini gesi imepungua, mafundi wawili walishamwongezea gesi na kumla hela, nikapanda ngazi nikasoma kibandiko cha kipande cha nje, hakina mstari wa Heating hata mmoja. Ilikuwa ya kupoza tu toka kiwandani. Kwa hiyo we dukani omba boksi lifunguliwe, soma kibandiko ubavuni mwa kipande cha nje, lazima pawe na mstari wa Cooling una namba yake na mstari wa Heating una namba yake. Hakuna wa pili, usilipe.

Sasa hesabu. Naifanya mbele yako ili kesho mtu akikwambia 24,000 umuulize kaipata wapi. Joto linatoka chumbani kupitia ukuta wa nje, vioo, dari, sakafu kidogo, na nyufa za milango na madirisha. Kila kimoja kinavuja wati kadhaa kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nachukulia sebule yenu iko kwenye kona, kuta mbili ziko nje, ni tofali za kuchoma zimepigwa plasta kama nyumba nyingi za Mbeya, urefu kwenda juu mita 2.8, madirisha mawili ya aluminiamu kioo kimoja, jumla mita za mraba 4, dari ya jipsamu na juu yake bati bila kitu katikati. Kuta ukitoa madirisha zinabaki mita za mraba 22 na kitu, kila mita inavuja kama wati 2, tunapata 45. Vioo mita 4 kila moja inavuja karibu wati 6, ni 23. Dari mita 22.5 mara 2.5 ni 56. Nyufa za hewa weka 25, sakafu 10. Jumla kama wati 160 kwa kila nyuzi. Nje kukiwa nyuzi 7 na ndani mnataka 19, tofauti ni 12, kwa hiyo 160 mara 12 ni wati 1,900 hivi, ambazo ni kama BTU 6,500 kwa saa.

Ndo hiyo. Sebule nzima, usiku wa mwezi wa saba, 6,500.

Juu yake ongeza mambo mawili. La kwanza ni mwinuko, mashine zinapimwa kiwandani kwa hewa ya usawa wa bahari, na hapo Mbeya hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, feni inazunguka vilevile ila inabeba hewa pungufu kila mzunguko, mimi huwa nakata asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa na sijajuta. La pili ni akiba ya kuamsha chumba, maana mkitoka kazini saa 1 usiku kuta zimeshapoa, zinakula joto kabla yenu, naongeza robo. Ukijumlisha unafika kama 9,000. Kwa hiyo 9,000 inatosha kwa sebule, na kama mlango wa mbele unafunguliwa kila dakika na watoto au sebule imeungana na dainingi bila mlango, chukua 12,000 hapo naelewa. 18,000 hapana. 24,000 naomba sana hapana.

Chumba cha mama nimekipigia hesabu ileile, nikachukulia nacho kiko kona na dirisha moja, kinavuja kama wati 97 kwa nyuzi. Yeye ningependa ndani iwe 20, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa nyumba na afya wa 2018 wameweka 18 kama kiwango cha kutoshuka chini kipindi cha baridi, na wazee wanaweza kuhitaji juu ya hapo. Tofauti ya nyuzi 13, unapata wati 1,260, BTU kama 4,300. Sasa AC ndogo unayoweza kuipata madukani kirahisi ni 9,000, ambayo tayari ni mara mbili, na hapa ndo neno inveta linapoanza kuwa na maana. Inveta kompresa yake, yaani ile pampu inayosukuma gesi, inapunguza mwendo, chumba kikikaribia 20 inashuka inatembea polepole, haizimi. Isiyo inveta inajua kuwaka yote au kuzima yote. Kwa huku juu ambako mashine karibu zote zitakuwa kubwa kuliko mahitaji, sinunui isiyo inveta, hata kama ni rahisi.

Na hapa nitabishana na mpango wenu kidogo dada. Hela ikiwa ni ya AC moja, isiende sebuleni, iende chumbani kwa mama. Habari ya kufunga kubwa sebuleni ipashe nyumba nzima haipo kwa nyumba zetu, joto haligeuki kona likapita korido likaingia chini ya mlango uliofungwa, litajaa sebuleni kwenye dari, nyie mtakaa na singlendi mwezi wa saba na mama chumbani anatetemeka vilevile. Spliti moja ni ya chumba kimoja. Zipo zile za kipande kimoja cha nje na viwili vya ndani, kwa Mbeya sizipendekezi bado, kikifa cha nje vyumba vyote viwili vimekufa na spea mtasubiri.

Kabla hata ya kununua, panda darini. Najua hakuna anayetaka kusikia hili kwa sababu sio kitu cha kuonyesha wageni. Rudi kwenye ile hesabu, kwenye wati 160 dari peke yake ni 56, zaidi ya theluthi, kwa sababu jipsamu ni kibao chembamba tu na juu yake bati ambalo usiku wa anga safi linakuwa baridi kuliko hata hewa. Ukitandika yale magodoro ya sufu ya kioo unene wa sentimita 7 hivi juu ya dari, 56 inashuka kwenye 11 au 12. Chumba cha mama kinatoka 97 kwenda 73. Ni kazi ya nusu siku, fundi avae barakoa na glavu maana inawasha, asizibe taa za dari zinazopata moto, na haili umeme milele. Nyumba ambayo ingehitaji 12,000 inatosheka na 9,000. Huo upepo unaoingia chini ya mlango ziba na ile brashi ya mpira, na madirisha ya aluminiamu angalia yale manyoya ya pembeni kama bado yapo, mara nyingi yamelika. Pazia zito lifungwe kabla jua halijazama.

Kuhusu bili hukuuliza, ila kila mtu anauliza. Uzuri wa hii mashine ni kwamba haitengenezi joto, inalihamisha, uniti moja ya umeme inaleta uniti kama 3 au 3.5 za joto kwa hali ya hewa ya Mbeya. Chumba cha mama kikihitaji wati 1,260 mashine inakula kama 360, na hapo ndo ubaridi wa mwisho wa usiku, saa nyingine inakula pungufu. Saa 8 ni uniti 2.9, kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya shilingi 356 pamoja na kodi ni kama 1,030 kwa usiku mzima. Ile hita ya waya mwekundu ingekula uniti 10 kwa kazi hiyohiyo, karibu 3,600. Angalieni jambo moja, kama nyie mko kwenye ule umeme wa bei nafuu wa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, AC peke yake itawatoa huko, jipangeni, na angalieni risiti ya LUKU bei ya uniti yenu ni ipi kabla hamjaanza.

Sasa kwa nini naogopa kubwa? Watu wanasema kubwa si inawahi kufanya kazi halafu inapumzika. Kwa Kyela nakujibu kwa kitu nilichokiona, tena nilikifanya mwenyewe. Miaka ya nyuma nilifunga 18,000 isiyo inveta kwenye chumba cha wageni kule Kyela mjini, mita 4 kwa 4, saizi ya chumba chenu kabisa, mwenye nyumba alitaka "baridi ya uhakika" na mimi sikumbishia. Baada ya wiki 3 akanipigia, chumba kinanuka. Nikaenda, nikaomba kiti cha plastiki nikakaa chumbani na saa mkononi mlango umefungwa. Kompresa ikawaka dakika 4, ikazima. Dakika 9 kimya. Ikawaka 4, ikazima. Kipimajoto kinasoma 22, baridi ipo kweli, lakini shuka ukiishika ni kama imetoka kuanikwa haijakauka, ukuta nyuma ya kabati una vijidoa vyeusi vya ukungu, mkanda wa ngozi wa mteja uliokuwa unaning'inia mlangoni umeota unga mweupe. Nikatoka nje kuangalia bomba la dreini, tone moja, kimya, tone moja.

Kinachotokea ni hiki, Kyela iko mita kama 500 tu juu ya bahari, ziwa liko hapo, mpunga umejaa maji, hewa imebeba unyevu mwingi. AC inatoa unyevu kwa kuugeuza matone ya maji kwenye mapezi ya ndani, vile vibati vyembamba vilivyopangwa ndani ya mashine, na mapezi yanahitaji dakika kadhaa yapoe ndo maji yaanze kutiririka. Mashine kubwa inafikisha nyuzi ulizoweka kabla maji hayajaanza kutoka vizuri, inazima, feni inaendelea kupuliza, yale matone yaliyobaki kwenye mapezi yanarudi hewani. Unapata chumba chenye baridi na maji, kama pango. Nilimtolea ile nikamfungia 9,000 ya inveta kwa gharama zangu, ikawa inatembea taratibu usiku mzima bila kuzima, na ndoo ya lita 10 tuliyoiweka kwenye dreini ilijaa kabla hakujakucha. Chumba kikakauka ndani ya siku chache. Kuanzia hapo mteja akitaka kubwa namweleza hii habari kwanza.

Kwa hiyo chumba chenu cha Kyela mita 4 kwa 4, kama kina dari na dirisha halitazami magharibi, 9,000 inveta. Kama bati halina dari, au dirisha kubwa linapigwa na jua la saa 10 jioni, ndo 12,000, lakini ningeanza na dari maana bati mchana wa jua la mwezi wa kumi na moja linafika nyuzi 60 na zaidi, umelala chini ya pasi. Pandeni mti au wekeni kibaraza upande wa magharibi, kila mita ya mraba ya kioo inayopigwa na jua inaingiza joto kama la pasi ndogo imeachwa inawaka. Kule mnaweza kununua ya kupoza tu, hakuna haja ya kulipia joto. Na hesabu ya mwinuko niliyoitoa kwa Mbeya kule achaneni nayo, ni kidogo sana.

Kwenye joto la Mbeya tatizo la kubwa ni lingine kidogo, inapuliza moto mkali dakika chache, dari inakuwa 26, miguuni 15, inazima, mama anasikia moto halafu baridi halafu moto. Ndogo inayotembea polepole inasukuma joto mpaka sakafuni. Hapo kuna kazi ya mkono pia, kwenye joto elekeza vile vibao vya kupuliza chini kabisa kwa sababu hewa ya moto inapanda yenyewe, kwenye baridi vielekeze juu mbele. Watu wengi wanaviacha palepale mwaka mzima. Na chumbani kwa mama kisipulize kitandani, kiwekwe ukuta wa upande wa miguu au pembeni.

Usishtuke mwezi wa saba asubuhi na mapema mashine ikisimama yenyewe dakika kadhaa na kipande cha nje kikatoa mvuke kama chungu, inayeyusha barafu iliyoganda kwenye mapezi ya nje, kazi yake hiyo. Maji hayo yatadondoka nje, kwa hiyo kipande cha nje kisifungwe juu ya njia ya watu wala kukaa chini kabisa sakafuni, na lile boma la nondo la kuzuia wezi liachwe wazi mbele, sio la bati lililozibwa, nimekuta mashine nyingi zinanyonya hewa yao wenyewe. Ndugu zenu wa Makete na Njombe wanaopata sakitu, wao wahakikishe kibandiko kinasema inapasha hata chini ya sifuri.

Umeme. Ile gadi ya friji ya soketi ni ya ampia 5, haifai hapa, 12,000 inakula ampia 5 mpaka 6 ikiwa imekaza. Nunueni kinga ya AC yenyewe, inayokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa na inayosubiri dakika 3 au zaidi umeme ukirudi ndo iwashe. AC iwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye meni, isichomekwe ekstensheni pamoja na pasi. Msimu wa radi ukianza, mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, mkisikia inaunguruma huko mlima Loleza zimeni breka.

Na fundi atakayefunga muulize swali moja tu, una pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa yote itoke kwenye paipu? Gesi za siku hizi, R32 na R410A, hazitaki hewa wala unyevu kwenye paipu. Akikwambia atafungua valvu kidogo gesi isukume hewa itoke, mshukuru na utafute mwingine. Ile njia inaingiza unyevu kwenye mafuta ya kompresa, mashine inakaa mwaka mmoja au miwili inaanza kupiga kelele, na R32 inaweza kushika moto kwa hiyo sio gesi ya kuachia ovyo chumbani. Ukikuta mtu anakuuzia ya R22 kwa bei ya kutupa usichukue, gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal, miaka ijayo mtahangaika kuijaza.

Kwa hiyo andika hivi kwenye karatasi uende nayo dukani: chumba cha mama, 9,000, inveta, joto na baridi. Sebule baadaye mkijaliwa, 9,000, au 12,000 kama imeungana na dainingi. Kyela, 9,000 inveta, ya kupoza tu. Kama chumba cha mama kina kuta tatu nje badala ya mbili, au dari hamna, niandikie na upime na dirisha, nitakupigia upya. Na ukifika dukani kabla hujatoa hela piga picha kile kibandiko cha ubavuni, huo mstari wa Heating uonekane na namba yake, nitumie nikuangalizie.